Pedali Inazama, Gari Halisimami: Jinsi ya Kusoma Breki za Land Rover 109

Pedali ya breki ikianza kuzama, agizo la kwanza gereji huwa moja: "Toa upepo," yaani toa hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Kijana anaingia chini ya gari na kichupa chenye mpira, mwenzake anakaa kwenye usukani anapampu, chupa mbili za mafuta ya breki zinaisha, pedali inapanda kidogo, gari linaondoka. Baada ya muda limerudi na ugonjwa uleule. Safari hii inanunuliwa masta silinda mpya (ile inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali), inafungwa, na pedali bado iko chini. Kwa gari la siku hizi lenye diski mbele, kuanza na upepo si vibaya sana. Kwa gari la zamani lenye dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, kwenye magurudumu yote manne, mara nyingi ni kutupa fedha, kwa sababu kinachokula mwendo wa pedali humo kwa kawaida ni nafasi iliyozidi kati ya breki shuu (vipande vilivyopinda vinavyotanuka kuibana dramu kwa ndani) na dramu, na nafasi haitolewi kwa kichupa.

Land Rover 109 ni gari zuri la kujifunzia jambo hili. Bado lipo mashambani, misheni na kwenye kambi za utalii Tanzania na Kenya, na breki zake hazina kompyuta wala waya wa kusingizia. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Toleo la Series III, ambalo ndilo wengi wanalo, lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Lina dramu za inchi 11 mbele na nyuma, masta silinda iliyofungwa kwenye boksi la pedali upande wa injini, na kwenye magari mengi njia moja tu ya mafuta inayogawanyika kwenda magurudumu yote. Hilo la mwisho lisikupite hivihivi: hozi moja ikipasuka, breki zote zimekwenda kwa mpigo mmoja.

Mwenye Beetle, Peugeot 404 au Toyota Stout ya dramu naye atafaidika na mengi ya haya. Pale gari lake linapotofautiana nitasema.

Mwendo ni kitu kimoja, nguvu ni kingine

Mtu akisema "breki zangu mbovu," anaweza kuwa na moja kati ya magonjwa mawili, au yote mawili pamoja. La kwanza ni pedali ndefu: mguu unashuka sana kabla gari halijaanza kushika. La pili ni gari kukataa kusimama hata kama pedali iko juu na ni ngumu chini ya mguu.

Pedali ndefu ni suala la ujazo. Masta silinda husukuma kiasi fulani cha mafuta, na hakuna breki mpaka mafuta hayo yawe yamezisogeza shuu zote zikagusa dramu. Kila nafasi inayopaswa kujazwa kwanza inalipwa na mguu wako. Gari kutosimama ni suala la msuguano: shuu zimeshagusa, shinikizo lipo, ila laining, ile ngozi ya msuguano iliyobandikwa kwenye shuu, haishiki chuma. Kutoa upepo hakuwezi kuponya ugonjwa wa pili hata ukimaliza katoni nzima ya mafuta.

Hebu tupige hesabu, maana ndiyo inayowashtua watu. 109 ina pistoni nane zinazosukuma shuu: mbele kila gurudumu lina silinda mbili zenye pistoni moja moja, nyuma kila gurudumu lina silinda moja yenye pistoni mbili. Tuchukulie kwa urahisi kwamba zote zina kipenyo sawa na cha masta silinda. Laining zikilika kiasi kwamba kila pistoni inalazimika kutembea nusu milimita zaidi, pistoni nane zinadai milimita 4 zaidi kutoka kwenye masta silinda. Pedali ni wenzo. Tuseme inazidisha mara tano. Milimita 4 mara tano ni milimita 20. Nusu milimita ambayo huwezi kuiona kwa jicho ukiinama chini ya gari imekula sentimita mbili za pedali, na hakuna tone lililovuja wala kiputo kilichoingia.

Ndiyo maana magari yenye diski hayalalamiki hivi. Pedi za diski hujirekebisha zenyewe kadiri zinavyolika, pistoni inatoka kidogo na kubaki hapo. Breki shuu za 109 hazijirekebishi. Zinangoja mtu aje na spana.

Mguu unasema nini

Kabla ya kufungua nati yoyote, kaa kwenye kiti, injini imezimwa, gari limewekewa vigingi vya kuzuia magurudumu. Kanyaga pedali mara moja, taratibu, kisha shikilia. Usikimbilie kupampu, mguu wa kwanza ndio wenye habari nyingi.

Ikishuka sana halafu ikakutana na kitu kigumu, iachie na kanyaga tena haraka. Ikiwa mara ya pili imekamata juu zaidi na bado ni ngumu, hiyo ni nafasi kwenye dramu. Sababu ni kwamba ukiachia kwa haraka, pistoni ya masta silinda inarudi upesi kuliko mafuta yanavyorudi kutoka magurudumuni. Pengo linalobaki mbele yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye chombo cha akiba, kwa hiyo mkanyago wa pili unaanza na mafuta mengi zaidi, shuu zikiwa bado hazijarudi kabisa. Dereva aliyezoea kupampu mara mbili kila anapotaka kusimama anafanya hivyo kila siku bila kujua. Ni mazoea ya hatari, kwani mbuzi anayekatiza barabara hangoji mkanyago wa pili.

Ikiwa inapanda kwa kupampu lakini inabaki na unyonge wa sponji, mguu unazama na kurudi, basi tuhuma za upepo zina msingi. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi. Kiputo ndani ya bomba kinafanya kazi ya pampu ya baiskeli iliyozibwa mdomo. Lakini usihukumu bado. Hozi ya mpira iliyochoka huvimba ikipata shinikizo na kutoa hisia hiyohiyo. Shuu zisizolingana na dramu nazo hutoa hisia hiyohiyo, na hili nitalirudia kwa sababu ndilo linalowasumbua mafundi wazuri.

Ikikamata juu, kisha ikaanza kuteremka polepole wakati mguu wako umetulia, mafuta yanakwenda mahali. Weka alama kwenye chombo cha akiba na rudia jaribio. Kiwango kikipungua, kuna uvujaji wa nje: chunguza nyuma ya bamba la breki (lile linaloshikilia shuu) na upande wa ndani wa kila tairi, fuata mabomba yote. Gari lenye busta, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuongezea nguvu mguu, lina maficho mengine, kwani mafuta yanaweza kuvuja kuingia ndani ya busta na kufyonzwa na injini, na bomba la moshi likatoa moshi mweupe. Kiwango kisipopungua na pedali bado inateremka, mpira wa ndani ya masta silinda umeshindwa na mafuta yanapita pembeni yake kurudi yalikotoka. Hapo, na hapo tu, ndipo masta silinda inastahili kulaumiwa moja kwa moja.

Kwenye magari ambayo hendibreki inavuta shuu za nyuma, kama Beetle na Peugeot nyingi, kuna jaribio la dakika moja. Vuta hendibreki hadi mwisho, kisha kanyaga pedali. Ikipanda waziwazi kuliko hendibreki ikiwa chini, ugonjwa uko kwenye nafasi ya dramu za nyuma. Usilifanye kwenye Land Rover ukadhani umepata jibu. Hendibreki ya 109 ina dramu yake peke yake nyuma ya gia boksi, inashika propela shafti, haina habari na shuu za magurudumu. Kwa sababu hiyohiyo si ya kuvutwa gari likiwa kwenye mwendo, isipokuwa huna kingine kilichobaki.

Kubana hozi

Hili ndilo jaribio ambalo ningependa kila gereji ilifanye kabla ya kuuza masta silinda. 109 ina hozi tatu za mpira: moja kwa kila gurudumu la mbele, na moja inayoshuka kutoka fremu kwenda ekseli ya nyuma. Ukizibana zote tatu, umeitenga masta silinda na mabomba ya chuma kutoka kwenye kila kinachozunguka.

Tumia vibanio vya hozi vyenye midomo ya mviringo. Vaisi gripu isiyo na kitu kwenye meno inakata nyuzi za ndani ya mpira. Kama ndiyo uliyonayo, weka vipande viwili vya bomba laini kwenye meno na usikaze kupita kiasi. Hozi iliyopasuka ngozi au iliyokauka hadi kuwa ngumu usiibane hata kidogo. Hiyo imeshatoa jibu lake: inunuliwe nyingine.

Zikiwa zimebanwa, kanyaga. Pedali inapaswa kusimama juu kabisa na kuwa ngumu, mguu hauendi popote. Ikiwa bado ni ndefu au ina sponji, usihangaike na magurudumu. Tatizo liko juu: upepo ndani ya masta silinda au kwenye bomba refu linalokwenda nyuma, mipira ya ndani iliyochoka, au rodi ya kusukumia iliyowekwa vibaya. Rodi hiyo inahitaji mchezo mdogo sana kabla ya kugusa pistoni. Mchezo ukizidi, unapoteza mwendo wa pedali bure. Ukikosekana kabisa ni hatari ya namna nyingine, kwa kuwa tundu dogo la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, joto linatanua mafuta, na breki zinajikaza zenyewe njiani hadi gari linakwama.

Ikiwa pedali imesimama juu, masta silinda imepona kesi. Sasa fungua kibanio kimoja, hozi ya nyuma kwa mfano, na kanyaga tena. Pedali itashuka kidogo, hilo ni la kawaida, kwani kuna shuu za kusogeza. Rudisha, fungua ya mbele kulia, kisha ya mbele kushoto. Pale pedali inapoanguka ghafla kuliko penginepo ndipo pa kufungua gurudumu. Jaribio zima halihitaji chupa hata moja ya mafuta.

Faida nyingine ya zoezi hili ni kuzichunguza hozi zenyewe ukiwa umezishika. Mtu mmoja akanyage kwa nguvu, mwingine aizungushie kiganja hozi iliyofunguliwa. Ukihisi inavimba mkononi, ni ya kutupwa. Kuna pia ugonjwa wa kinyume: ngozi ya ndani inanyofoka na kuwa mlango wa njia moja, mafuta yanakwenda ila hayarudi, na gurudumu hilo linabaki limeshika hadi dramu inanuka. Nje hozi inaonekana nzima kabisa.

Kukaza breki, kisha upepo

Ukishajua kwamba tatizo ni magurudumuni, kaza breki kwanza. Inua gurudumu kwa jeki na uweke stendi. Nyuma ya bamba kuna kichwa cha ajasta; ndani yake ni kamu yenye umbo la konokono inayosukuma shuu kuelekea dramu. Izungushe kwa spana huku ukizungusha gurudumu kwa mkono mpaka ligome, kisha rudisha kidogo kidogo hadi lizunguke likiwa na mkwaruzo hafifu tu. Kanyaga pedali kwa nguvu mara moja ili shuu zikae katikati, kisha rudia, kwa sababu karibu kila mara utakuta nafasi imefunguka tena. Mbele, kila shuu ina ajasta yake; ukikaza moja na kuiacha nyingine, umefanya nusu ya kazi.

Kwenye gari la miaka arobaini ajasta hizi ndizo zinazokupiga. Zinashika kutu na kukataa kuzunguka, au zinalegea kwenye bamba na kurudi nyuma zenyewe kila unapopita kwenye makorongo. Ukikaza leo pedali ikawa nzuri, na kesho iko chini bila uvujaji wowote, usitafute kingine. Shika kichwa cha ajasta kwa vidole. Kikizunguka kwa vidole, bamba linahitaji kazi.

Beringi za habu nazo zikaguliwe kabla ya kukaza. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kila unachopima kati ya shuu na dramu ni uongo. Kwenye gari la diski, mchezo huo unazirudisha pedi nyuma kila unapokata kona, na mkanyago wa kwanza baada ya kona unakuwa mrefu huku wa pili ukiwa sawa.

Sasa ndipo upepo, kama bado kuna sponji. Dramu za mbele za 109 zina sifa mbaya ya kuficha hewa, kwa vile silinda mbili za gurudumu moja zimeunganishwa kwa kibomba. Njia inayosaidia ni kukaza ajasta zote hadi shuu zigandamane na dramu wakati wa kutoa upepo. Shuu zinakuwa hazina pa kwenda, na kila mkanyago unapeleka mafuta kwenye nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo, badala ya kusogeza shuu. Ukimaliza, zilegeze kama ilivyoelezwa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na kwa ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Congo wenye usukani wa kushoto ni la nyuma kulia.

Jambo dogo linaloharibu masta silinda nzima kwa siku moja: usikanyage pedali hadi sakafuni wakati wa kutoa upepo. Kwa miaka mingi pistoni imekuwa ikitembea sehemu fupi ya silinda. Huko mwisho ambako haijawahi kufika kumejaa kutu na masalia. Ukiisukuma hadi mwisho, midomo ya mpira inachanika, na kesho yake pedali inaanza kuteremka mguuni. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kizuie mwendo wa mwisho. Mafundi wengi waliouziwa "masta silinda feki" waliiua ile ya kwanza kwa njia hii.

Shuu mpya ndani ya dramu ya zamani

Hapa ndipo pedali yenye sponji inapowachosha watu. Umebadilisha shuu zote, umefunga silinda mpya za magurudumu, hozi mpya, umetoa upepo mara tatu, matone yanatoka safi bila kiputo. Pedali bado inazama na kurudi.

Dramu inapolika, au inapochongwa na mchonga vyuma ili kuondoa mikwaruzo, kipenyo chake kinakua. Shuu mpya imetengenezwa kwa mviringo wa dramu mpya. Ukiiweka ndani ya dramu iliyopanuka, inagusa katikati tu, ncha zake zikibaki hewani. Ukikanyaga, shuu inapinda mpaka ncha zikaribie, na kule kupinda ndiko sponji unayoihisi. Hakuna hewa ya kutoa. Wengine huendelea kutoa upepo hadi nyuzi za nipeli zinakwisha.

Uthibitisho ni rahisi. Paka chaki kwenye laining yote, rudisha dramu, kaza, zungusha gurudumu huku ukikanyaga kidogo, kisha fungua. Ikiwa chaki imefutika katikati pekee kwa upana wa vidole vichache, umepata mchawi wako. Ikifutika upande mmoja wa upana wa laining, kuanzia ukingo wa nje kwa mfano, bamba limepinda au dramu imechongwa ikiwa imeinama. Pima na kipenyo cha dramu sehemu kadhaa. Ikiwa imekuwa yai, pedali itakupigapiga mguuni kila mzunguko.

Dawa ni kupata shuu zenye laining nene zilizochongwa kulingana na dramu hiyo, au kununua dramu mpya kama ya zamani imevuka kipimo kinachoruhusiwa na kitabu cha gari. Laining zikiachwa zilike zenyewe, zitafika, ila kwa muda wote huo una nusu ya breki. Na vumbi hilo usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Laining za zamani zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake huua mapafu miaka mingi baadaye. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Nikiwa hapo, neno kuhusu masta silinda za dukani. Kipenyo kimeandikwa kwenye mwili wake, kwa kawaida kwa inchi: 3/4, 7/8, 1. Zinafanana umbo, matundu ya boliti yanakubaliana, muuzaji atakwambia inaingia. Itaingia. Ukitoa ya inchi 1 na kuweka ya 7/8, pedali itarefuka kwa takriban asilimia 31, na nguvu kwenye shuu itaongezeka kwa kiasi hichohicho. Ukibadilisha kinyume chake, utapata pedali fupi ya kupendeza na gari lisilosimama. Nimeona magari yakisifiwa kwa pedali ngumu baada ya mabadiliko ya namna hii, na dereva hajui kwa nini sasa anasimamia kwenye unyayo wa mguu mzima.

Joto na mafuta

Kuna pedali inayokuwa nzuri gereji na kupotea mlimani. Ukishuka Kitonga kuelekea Dar es Salaam, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, au bonde la Mai Mahiu kule Kenya, dramu inapata moto na kutanuka, ikizikimbia shuu. Dramu ya inchi 11 joto lake likipanda nyuzi 200 za Selsiasi, kipenyo hukua kwa kama milimita 0.6. Rudi kwenye hesabu yetu ya nusu milimita uone pedali inakwenda wapi. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi. Dramu inafanya kinyume.

Hatari zaidi ni mafuta kuchemka. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya 230. Lakini hunyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya maji kiasi kinachotumika kwenye vipimo, viwango hivyo vinaruhusiwa kushuka hadi 140 na 155. Gari linaloishi Tanga au Mombasa haliwezi kukaa na mafuta yaleyale miaka kumi. Yakichemka, mvuke unabanwa kama hewa, pedali inafika sakafuni, na ukisimama nusu saa inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Mafuta yatakuwa na rangi ya chai nzito. Badilisha yote, na kwenye mteremko tumia gia.

Usichanganye na DOT 5 ya silikoni, na mlinde chombo cha akiba dhidi ya mtu mwenye haraka. Oili ya injini au ya usukani ikitiwa humo kwa bahati mbaya, mipira yote inavimba, tangu masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Ukishuku, chukua matone machache uyaweke kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanayeyuka majini, oili inaelea. Ikielea, mipira yote na hozi zote zinabadilishwa, na mabomba yanasafishwa kabla ya kutia mafuta mapya.

Pedali nzuri, gari haligandi

Sasa ule ugonjwa wa pili. Fungua dramu uangalie laining. Ikiwa imelowa, nusa na jaribu kwa maji. Mafuta ya breki yanasafishika kwa maji, na chanzo chake ni silinda ya gurudumu. Oili ya ekseli ina harufu kali ya kiberiti na haikubali maji. Hiyo imepita kwenye oili sili ya habu. Kuziosha laining kwa petroli na kuziwasha moto ni desturi ya zamani gereji nyingi, na kweli zinashika siku chache. Joto la mlima wa kwanza linaitoa oili iliyojificha ndani. Badilisha shuu za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, na usifunge mpya kabla ya sili. Ikiwa laining ni kavu lakini inang'aa kioo, imeungua. Sugua kwa msasa ikiwa bado nene, huku vumbi likilowanishwa.

Kisha kuna kosa la ufungaji la kuangalia kwenye 109. Dramu zake za mbele zimepangwa ili shuu zote mbili zivutwe na mzunguko wa gurudumu, zijibane zenyewe zaidi ya nguvu ya mguu. Mahali popote kwenye dramu, gari likienda mbele, panapaswa kupita kwanza kwenye ncha ya shuu inayosukumwa na pistoni, kisha kwenye ncha yake iliyoegemea. Bamba la kulia likifungwa kushoto, mpangilio unageuka, na msaada huo wote unapotea. Jaribio lake halihitaji spana: tafuta uwanja tambarare, piga breki ukienda mbele polepole, kisha ukirudi nyuma. 109 nzima hushika vizuri zaidi mbele. Yako ikishika vizuri ukirudi nyuma, mtu alichanganya mabamba.

Kwa gari lenye busta, zima injini, pampu mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, shikilia, washa injini. Inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta au bomba lake la hewa halifanyi kazi. Ila 109 nyingi za silinda nne hazikuwahi kuwa na busta tangu kiwandani. Anayeshuka kwenye gari dogo la Kijapani na kupanda 109 atasema breki mbovu hata zikiwa kamili, kwa sababu hapa nguvu yote inatoka kwenye paja lake.

Ukimaliza, jaribu kwenye barabara tupu ya vumbi kwa mwendo mdogo, piga breki kwa nguvu, shuka utazame alama za magurudumu. Kisha endesha kilomita chache kwa breki za kawaida na ukaribishe mkono kwenye kila dramu bila kuigusa. Iliyo baridi kuliko mwenzake wa upande wa pili haifanyi kazi. Iliyo moto sana inabana. Na kama ulifunga shuu mpya, rudi na spana ya ajasta baada ya kilomita mia moja au mbili. Laining zitakuwa zimekaa, nafasi imefunguka tena, na pedali imeshuka kidogo bila kosa la mtu yeyote.